Barua ya wazi: Tengeni njia kabla mashamba hayajakatwa

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Wakuu wa Mikoa ya Dar es Salaam na Pwani. Na Wakurugenzi wa Halmashauri zote za mikoa hiyo miwili.

YAH: KUTENGA BARABARA KUU NA MIKONDO YA MAJI KATIKA KATA ZA PEMBEZONI MWA DAR ES SALAAM

Waheshimiwa,

Sensa ya 2012 iliwakuta watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwakuta 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka hawakuingia Kariakoo wala Upanga. Wengi wao wamejenga Chanika, Msongola, Majohe, Chamazi, Goba, Madale na Mabwepande. Wapo pia waliovuka mpaka wakajenga Vikindu, Kisarawe na Kibaha, ambako huhesabiwa kuwa wakazi wa Pwani ingawa kila alfajiri wanagombania daladala za kuja mjini.

Sisi tunaowaandikia ni watu wa fani: wapimaji ardhi, maafisa mipangomiji, wathamini na mafundi wa mitaro. Ombi letu ni moja. Kabla hamjatangaza mtaa mwingine wa kurasimishwa, yaani kupimwa na kupewa hati huku nyumba zimekwisha kujengwa, tengeni barabara kuu na mikondo ya maji katika kata ambazo bado ni mashamba. Msipime viwanja. Wekeni njia tu, mzilipe, mziwekee alama, mzilinde. Yanayobaki wananchi watajenga wenyewe, kwa fedha zao, kama wanavyofanya siku zote.

Tuanze na shamba lenyewe, maana mji unazaliwa pale. Eka moja ni mita za mraba 4,047, yaani mraba wa kama mita 63.6 kila upande. Mwenye shamba akilikata vipande kumi bila kuacha njia, kila kipande kinapata mita za mraba 405. Akipitisha katikati barabara ya mita 6, njia inachukua mita za mraba 382, na bado anapata vipande kumi, vitano kila upande, kila kimoja mita 12.7 kwa 28.8, karibu mita za mraba 366. Mnunuzi amepoteza mita za mraba 39 na amepata uso wa barabara. Hakuna dalali asiyejua kwamba kipande chenye barabara huuzwa ghali kuliko kilichojificha nyuma. Kwa hiyo tusiwalaumu wananchi kwamba hawapendi njia. Wauzaji wengi huacha njia.

Tatizo linaanza kwenye mpaka wa eka ya jirani. Huyu ameacha mita 6 katikati, yule ameacha mita 3 pembeni, wa tatu aliuza mapema kwa mtu mmoja aliyezungusha ukuta. Njia ya kwanza inagonga ukuta huo na kufa. Mwenye eka moja anaweza kutoa kichochoro; hawezi kutoa barabara ya kilomita nne inayounganisha Chanika na kata ya pili. Barabara ya aina hiyo inapita katika mashamba ya watu mia na zaidi, na mwenye uwezo wa kuwafikia wote kwa pamoja ni serikali peke yake. Hapo ndipo sera inapojenga mji au kuuharibu, na kwa miaka mingi sera yetu imekuwa ikifika pale baada ya kuta.

Ushahidi tunao hapa hapa jijini. Mwaka 1972 serikali iliachana na kubomoa makazi holela, na kwa msaada wa Benki ya Dunia ukaja mpango wa viwanja na huduma. Kwa fedha za mpango huo huo na katika miaka ile ile, yalifanyika mambo mawili tofauti. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ziliwekewa barabara na viwanja kabla ya nyumba. Manzese ilikuwa imekwisha kujengwa, ikaboreshwa kwa kupitishiwa barabara, maji na taa katikati ya nyumba zilizopo. Zote mbili zilitumia fedha za umma. Zaidi ya miaka arobaini baadaye watafiti walipolinganisha maeneo ya aina hizi mbili, yale yaliyopangwa kabla ya kujengwa yalikuwa na nyumba bora zaidi na mpangilio ulionyooka zaidi. Sinza watu walijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, hata ghorofa zikaja, kwa sababu kila kiwanja kilikuwa na pa kupitishia tofali, bomba na nguzo.

Somo la pili ni Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002. Ulipima viwanja vingi kuliko jina lake, huko Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Toangoma, Buyuni na kwingineko. Wenye mashamba walilipwa fidia, viwanja vikauzwa, fedha ikarudi. Tunauheshimu mradi ule. Lakini kupima kila kiwanja ni kazi ghali na ya polepole, na maji na umeme vilichelewa mno kufika. Wenye fedha walinunua viwanja wakavifuga majani, na baadhi ya waliolipwa fidia walikwenda kununua vipande visivyopimwa mbele zaidi, mradi ukaisukuma mbele shida ile ile. Kutoka hapo tunajifunza kwamba serikali haina haja ya kuuza viwanja. Inachopaswa kushika ni kile ambacho soko haliwezi kukitoa.

Basi kitu chenyewe ni kipi? Ni gridi ya barabara kuu, moja kila kilomita moja, upana wa mita 30, kwa mwelekeo wa kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, ikipinda pale tu mabonde yanapolazimisha. Katika kilomita moja ya mraba gridi hii inachukua hekta 5.9 kati ya 100. Zile 94 zinabaki kwa wenyewe. Kwa hesabu hiyo mtu yeyote atakuwa ndani ya nusu kilomita kutoka barabara ambayo daladala inaweza kupita. Mita 30 si anasa. Njia mbili za magari ni mita 7, waenda kwa miguu mita 2 kila upande, mitaro mita moja na nusu kila upande, na nguzo na mabomba mita 2 kila upande. Jumla ni mita 18. Zinabaki 12 za kupanuliwa baadaye, labda kwa mabasi yaendayo haraka, bila kuvunja nyumba ya mtu. Siku ya kwanza hamhitaji lami. Hata greda si lazima. Ethiopia ilianza hivi katika miji ya Hawassa, Adama, Mekelle na Bahir Dar: walichora barabara kuu za upanuzi juu ya mashamba, wakazitenga na kuzifungua kwa udongo, mji ukafuata.

Gharama yake ni ardhi ya shamba. Kilomita moja ya mita 30 ni hekta 3, yaani eka 7.4. Kwa Kanuni za fidia za 2001, mthamini anaangalia thamani ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, kisha anaongeza posho ya usumbufu, usafiri, faida iliyopotea, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya mwezi ikizidishwa mara 36. Shamba lenye mihogo na minazi halina posho ya makazi wala ya kuhamisha vyombo. Kilomita hiyo hiyo ikisubiriwa mpaka ijengwe, kila nyumba inaingia na posho zake zote, na bei ya ardhi yenyewe imeshapanda kutoka ya eka hadi ya mita za mraba. Mwenye kuahirisha anailipia barabara ile ile mara nyingi.

Tunajua litakalosemwa mezani: wananchi wachangie ardhi, barabara itawapandishia thamani. Kwa vichochoro vya mita 6 jambo hilo linawezekana, tumeshalipigia hesabu hapo juu. Kwa barabara kuu haliwezekani. Mwenye shamba la eka 5 lenye umbo la mraba, barabara ya mita 30 ikimpitia katikati, anatoa mita za mraba kama 4,270, ambazo ni zaidi ya eka moja kamili, asilimia 21. Mwenye eka moja anapoteza asilimia 47. Hakuna mtu atakayetoa nusu ya shamba lake bure huku jirani asiyeguswa akivuna bei mpya. Hao lazima walipwe, tena mapema. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati, na ikichelewa zaidi ya miezi sita inaanza kuzaa riba. Msitangaze utwaaji kabla fedha haijawa kwenye akaunti. Tangazo lisilo na fedha ni baya kuliko kutokutangaza, kwa sababu siku ile ile watu hupandisha vibanda ndani ya njia ili wathaminiwe, na waliokuwa tayari kukubaliana wanakata tamaa.

Sasa tuseme juu ya urasimishaji, na hapa tutakaa kidogo. Kwenye karatasi hatua zake ni nzuri. Mamlaka inatangaza eneo, mtaa unafanya mkutano na kuchagua kamati, vipande vinatambuliwa juu ya picha ya anga, mchoro wa mipangomiji unachorwa na kuidhinishwa, bikoni (mawe ya mpaka) zinachimbiwa kwenye kona, ramani ya upimaji inapata namba, hati inatoka. Wananchi huchangia, kwa ada elekezi ya kila kiwanja.

Mambo yanaharibika kati ya mchoro na bikoni. Mchoraji anaona kichochoro cha mita 1.5 kati ya kuta mbili. Kwenye mchoro anakiandika mita 4, maana chini ya hapo hautapita. Mchoro unaidhinishwa. Mpimaji anafika uwanjani, anakuta ukuta pale pale. Kuusogeza kunataka mwenye nyumba akubali, na hakuna fungu la kumlipa. Kampuni imekubaliana kulipwa kwa kila kiwanja kinachokamilika. Mita ya barabara haimwingizii mtu shilingi. Kwa hiyo mpimaji anaweka jiwe kwenye kona ya ukuta ulivyo, au anaacha kiwanja hicho kiwe "chenye mgogoro" na kuendelea na vingine. Mwisho wa kazi mtaa una hati, na una barabara ambayo ipo kwenye ramani tu. Hati hiyo ina miaka 33, 66 au 99. Kabla yake ukuta ule ulikuwa suala la majadiliano ya kamati ya mtaa. Baada yake ni mpaka uliosajiliwa, na kuusogeza ni utwaaji wenye fidia. Hati iliyotangulia njia imeugandisha msongamano kisheria.

Kichochoro cha mita 1.5 kina maana gani kwa aliye ndani? Gari la zimamoto lina upana wa kama mita 2.5 na linahitaji kama 4 ili lipite na kufanya kazi. Gari la majitaka nalo lazima lisogee karibu, maana kadiri mpira unavyorefushwa ndivyo pampu inavyoshindwa kuvuta tope zito la chini ya shimo, na mwenye nyumba aliye mita mia mbili kutoka barabarani hana huduma hiyo hata akiwa na fedha mkononi. Anangoja masika. Mvua ikishiba anatoboa ukuta wa shimo, maji ya njia yanabeba kilichomo na kukiacha milangoni kwa walio chini yake. Kila mkazi wa mabondeni anajua maana ya kutapisha choo. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani kilizikuta njia za aina hii zikiwa zimejaa. Watu wa afya hugawa dawa ya maji kila mlipuko unapokuja, na tunawashukuru, ila upana wa njia hauko mikononi mwao.

Maji ya mvua yanahitaji sehemu yake katika barua hii. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Kila shamba linaloezekwa bati na kusakafiwa huko juu linatuma maji haraka zaidi Jangwani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na waliohamishwa wakapelekwa Mabwepande. Hata karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa Jangwani, kwenye uwanda wa mto, na imefurika zaidi ya mara moja. Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, wa kulipa fidia, kuchimba na kuinua daraja. Ni kazi ya lazima. Lakini vijito vinavyolisha mto huo, na vile vya upande wa Mto Mzinga, vinaendelea kuzibwa kwa msingi mmoja mmoja wakati mradi unatekelezwa kule chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa Msimbazi kipimo hicho kina maana. Kwa korongo la upana wa mita mbili, linalotiririka masika tu, mita 60 kila upande ni mashamba mazima, na kwa sababu haitekelezeki hakuna anayelinda hata mita moja. Tunapendekeza kanuni ya ngazi kwa makorongo madogo: mita 5 kila upande kwa yanayopokea maji ya eneo dogo, mita 10 au 15 kwa makubwa zaidi, yote yachukuliwe pamoja na gridi ya barabara na kwa fidia ile ile. Na hapa kuna kosa la kitaalamu linalorudiwa. Michoro mingi ya urasimishaji huchorwa juu ya picha ya anga bila vipimo vya miinuko. Mchoraji haoni maji yanaelekea wapi. Mtaro unachorwa sambamba na barabara kwa sababu unapendeza hivyo, kumbe mteremko uko chini ya nusu mita kwa kila mita 100. Kwa udongo wetu wa kichanga mtaro huo unajaa mchanga katika msimu mmoja, na maji yanarudi kwenye nyumba. Agizeni kwamba mchoro usio na kontua (mistari ya miinuko) za kila mita moja usipokelewe na Kamati ya Mipangomiji. Droni zipo, vifaa vipo, ni agizo tu linalokosekana.

Nani atalinda njia zikishatengwa? Bikoni peke yake hailindi. Hung'olewa usiku, au hufukiwa na kifusi. Wekeni nguzo za zege zinazoonekana kila mita 50, pandeni miti pande zote mbili, na piteni na greda mara moja kwa mwaka baada ya masika ili watu waone kwamba njia ina mwenyewe. Kazi hiyo wapeni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwanzo, hata kama barabara haijaingizwa kwenye mtandao wao. Tangu wakala huo uanzishwe 2017, halmashauri nyingi huchora barabara ambayo TARURA haijui mpaka siku ya kuombwa kuifungua.

Lakini mlinzi wa kwanza ni muhuri wa serikali ya mtaa. Karibu kila kipande kisichopimwa huuzwa kwa mkataba wa mkono ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mashahidi wanne watano. Soma mkataba huo: kaskazini kimepakana na fulani, kusini na fulani, mashariki na fulani, magharibi na njia. Njia ya upana gani? Haijaandikwa. Miaka mitatu baadaye majirani wawili wanagombana, kila mmoja ameingia ndani ya njia mita moja, na mwenyekiti hana cha kuonyesha. Tengenezeni fomu moja ya mauziano kwa mikoa yote miwili, yenye mstari wa upana wa njia kwa mita, mchoro wa mkono wenye vipimo, na nambari za GPS za kona, ambazo simu ya kawaida inaweza kuzitoa kwa kukadiria. Mwenyekiti asigonge muhuri kwa kipande kisicho na njia ya angalau mita 6, wala kwa kipande kilicho ndani ya gridi. Ramani ya gridi ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya mtaa, kubwa, ya rangi, kila mnunuzi aione kabla hajatoa fedha. Na ile asilimia kumi ya bei ambayo wanunuzi wengi hutozwa kwenye ofisi za mitaa, ama ipigwe marufuku kweli kweli, ama ihalalishwe kwa kiwango kidogo chenye risiti na iingie kwenye mfuko wa njia za mtaa huo. Ilivyo sasa inamfanya mgonga muhuri apende mauzo mengi kuliko mauzo mazuri.

Fedha ya kuanzia inaweza kutoka ndani. Kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na nyumba zilizo makazi holela zinaikatwa kama nyingine. Tengeni sehemu yake, kwa sheria ndogo, kwa ajili ya kununua njia katika kata za pembezoni tu, isiruhusiwe kuhamia kwenye matumizi mengine.

Mpaka wa mikoa nao unawashinda maafisa wetu. Mpango Kabambe wa Dar es Salaam wa 2016–2036 ulikuja baada ya ule wa 1979 kukaa bila mrithi kamili kwa zaidi ya miaka thelathini. Hata sasa Vikindu iko Mkuranga, na afisa wa Temeke hana mamlaka ya kuvusha barabara yake huko. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo la mipangomiji. Utumieni kutangaza ukanda mmoja unaovuka mpaka, wenye timu moja ya upangaji, gridi moja, na wathamini wa pande zote mbili.

Tunaomba kazi ianzie pale ambapo bado kuna mashamba mengi kuliko nyumba: Msongola na Zingiziwa kwa upande wa Ilala, Mabwepande kwa Kinondoni, Kisarawe II kwa Kigamboni, na Vikindu kwa Mkuranga. Kontua zipigwe wakati wa kiangazi, gridi ichorwe na kujadiliwa kwenye mikutano ya mitaa kabla ya vuli, fidia ilipwe kwa kilomita chache kadiri fedha inavyoruhusu, kuanzia barabara zinazounganisha kata na kata. Kata hizo zisianze urasimishaji mpaka nguzo za barabara kuu ziwe zimesimama.

Na katika taarifa za kila robo mwaka mnazoletewa, pamoja na idadi ya hati zilizotolewa, agizeni ziandikwe kilomita za njia zilizolipwa, zilizowekewa nguzo, na zilizokaguliwa kuwa bado wazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapimaji ardhi, maafisa mipangomiji, wathamini na mafundi wa mitaro wa Dar es Salaam na Pwani